Bianka Panova na medali ya Olimpiki aliyoikosa

Mkuu, umeuliza inakuwaje Bianka Panova wa Bulgaria atajwe kati ya wakali wa jimnastiki ya midundo (ile ya kucheza na vifaa kwa kufuata muziki) ilhali hana hata medali moja ya Olimpiki. Ni kirungu kimoja tu, kimoja cha vifaa hivyo, alichokidondosha Olimpiki ya Seoul 1988.

Lakini anza na Varna, 1987. Mashindano ya dunia yalikuwa nyumbani kwao, naye ana miaka 17. Alipata dhahabu zote tano za mchezaji mmoja mmoja: ya jumla (vifaa vyote pamoja), kamba, pete kubwa, virungu na utepe. Na kila alipoingia uwanjani majaji walimpa 10 kamili. Kila mara! Itafute video yake utaelewa. Kasi ile na mwili ule unavyokunjika, mimi sijachoka kuitazama.

Seoul akadondosha kirungu kwenye mchujo. Kanuni za wakati ule zilibeba nusu ya alama za mchujo hadi fainali, kwa hiyo kosa likamfuata. Marina Lobach wa Umoja wa Kisovyeti akamaliza na alama 60 kamili, bila kukatwa hata kidogo, Adriana Dunavska, Mbulgaria mwenzake, akapata fedha, Panova wa nne. Medali za kifaa kimoja kimoja hazikuwepo, hivyo hakuwa na pa kujifidia.

Tena Maria Gigova, Mbulgaria mwingine, bingwa wa dunia 1969, 1971 na 1973, hakucheza Olimpiki kabisa, maana mchezo huu uliingizwa 1984. Kuwapima Wabulgaria hawa kwa Olimpiki pekee ni kuwaonea.