Masi ya kibete kahawia haisomwi kwenye mwanga wake

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita hapa Tanga. Klabu yetu ya sayansi inaandaa bango kuhusu kibete kahawia (kitu kizito kuliko sayari lakini chepesi kuliko nyota) kinachoizunguka nyota changa ya Kappa Andromedae. Tumekuta masi tatu tofauti: mara 13 ya Mshtarii, mara 22 na mara 50. Kuna programu ya simu inayotaka uijazie mng'ao na umbali tu, nayo inatoa 13. Wenzangu wanataka tuchukue wastani. Tuandike ipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Wastani msichukue kabisa. Namba hizo hazikutoka kwenye vipimo vitatu vya masi. Mng'ao ni uleule mmoja, umesomwa kwa makadirio matatu ya umri.

Waliokitangaza mwaka 2012, kwa picha za darubini ya Subaru kule Hawaii, waliihesabu nyota hiyo kuwa ya kundi changa la Columba, wakaipa miaka milioni 30 hivi. Masi ikatoka karibu 13. Mwaka 2013 wengine wakasema nyota ina miaka kama milioni 220, masi ikaruka hadi 50. Mwaka 2016 umbo la nyota lenyewe likapimwa kwa darubini za CHARA, California. Nyota ile inajizungusha kwa kasi mno, imevimba ikwetani, na ncha zake zina joto kuliko kiuno, jambo linalompotosha anayekisia umri kwa rangi yake. Safari hii ikapatikana miaka milioni 47, na masi 22. Kibete chenyewe muda wote huo kilikuwa kilekile.

Hili la kusoma masi kwenye mwanga ndilo linalonichosha kuliko maswali yote ninayoletewa. Kwa nyota iliyotulia kama Jua lina msingi, kwa sababu mwanga wake hubadilika polepole sana kwa mabilioni ya miaka. Kibete kahawia hakina moto wa kudumu. Masi yake, kuanzia mara 13 hadi 75 na ushei ya Mshtarii, haitoshi kuwasha haidrojeni ya kawaida na kuendelea kuiwasha. Huzaliwa na joto la kusinyaa, kisha hupoa maisha yake yote. Ukiingia kwa mhunzi ukakuta kipande kidogo cha chuma kilichotoka motoni sasa hivi, na pande kubwa lililotoka kitambo, vyote vinaweza kuwa na wekundu mmoja. Wekundu peke yake hautakwambia kipi ni kizito. Programu isiyokuuliza umri imeshajaziwa umri na aliyeitengeneza, na wewe hukuambiwa.

Kuupata umri nao ni kazi. Nyota za Kilimia zimezaliwa pamoja, ukijua umri wa kundi umejua wa wote, ndiyo maana Teide 1, kimoja cha vibete vya kwanza kuthibitishwa, mwaka 1995, kilipatikana humo. Nyota iliyo peke yake haina cheti cha kuzaliwa.

Na hata umri ukiwa sawa, jedwali la kugeuza mwanga na umri kuwa masi linaweza kukuangusha. Mwaka 2006 vilitangazwa vibete viwili kwenye nebula (wingu la gesi) ya Jabari, vyenye umri wa miaka milioni moja hivi, ambavyo hupatwa kimoja na kingine. Kupatwa huko, pamoja na kasi zake, kulitoa masi bila kubahatisha: karibu mara 57 na mara 36 ya Mshtarii. Chenye masi ndogo ndicho chenye joto zaidi! Anayekwenda na jedwali angevipanga kinyume.

Masi inapimwa kwa mvutano: unafuatilia obiti, au unapima jinsi nyota mama inavyoyumba. Kwa nyota changa ni kazi ngumu. Zina madoa mengi na hujizungusha kasi, mistari ya spektra yake (mwanga uliotawanywa kwa rangi) inatanuka, na yumba ndogo inamezwa humo. Kibete chenu nacho kinahitaji mamia ya miaka kumaliza mzunguko mmoja. Kwa hiyo siku hizi wanaastronomia hulinganisha mahali pa nyota palivyopimwa na chombo cha angani cha Hipparcos karibu mwaka 1991 na palivyopimwa na chombo kingine, Gaia, miaka 25 baadaye, waone kama mwendo wake umepinda.

Mizani hiyo iheshimiwe hata ikigombana na mwanga. Gliese 229 B, umbali wa miaka ya nuru 19 hivi, ilipimwa kwa mvutano ikaonekana ni mara 71 ya Mshtarii, ilhali mwanga wake ulikuwa hafifu mno kwa masi hiyo. Mwaka 2024 ikabainika ni vibete viwili, cha 38 na cha 34, vinavyozungukana kila siku 12. Mvutano ulikuwa sahihi.

Kwenye bango andikeni namba zote tatu, kila moja na umri wake pembeni. Na hao wenye video za "sayari kubwa kuliko zote" msiwafuate. Wanachukua kitu kilichopigwa picha tu, wanakipa masi ya jedwali, umri wanaukalia kimya. Nyota ikija kuonekana ina umri mkubwa zaidi ya ule, sayari yao inageuka kibete kahawia, na video inabaki pale pale ikiendelea kutazamwa.