Mraba mweupe kuzunguka nembo

SWALI: Shikamoo fundi. Nadarizi sweta za shule. Mwalimu alinitumia nembo kwa WhatsApp, nikaiingiza kwenye programu iigeuze yenyewe kuwa mishono. Mashine ikashona na mraba mweupe kuzunguka nembo, juu ya sweta ya kijani. Nikafuta weupe wote, na kitabu cheupe cha katikati nacho kikatoweka. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Programu haitofautishi nembo na karatasi. Inaona rangi, na kila rangi kwake ni uzi. Mraba wa sentimita 8 kwa 8, mistari ikiachana milimita 0.4 na mshono ukiwa na urefu wa milimita 4, ni mishono kama 4,000 ya bure, na sweta inavutika.

Picha yenyewe ndiyo ya kwanza kurekebishwa. WhatsApp hubana picha, na JPEG iliyobanwa huacha vumbi la kijivu pembeni mwa kila mstari. Mwombe mwalimu aitume upya kama dokyumenti. Jihadhari pia na picha za intaneti zenye vigae vya kijivu na vyeupe kwa nyuma: mara nyingi vigae hivyo vimechorwa humo humo, na vitashonwa.

Kitabu kilipotea kwa sababu ulifuta rangi badala ya kufuta eneo. Katika GIMP, programu ya kuhariri picha, ongeza kwanza chaneli ya alfa, yaani ile inayoruhusu sehemu ya picha kuwa wazi, maana bila hiyo ukifuta panajaa rangi nyingine. Kisha tumia kile kifimbo kinachoshika rangi zinazogusana tu, ubofye weupe wa nje. Kitabu kitabaki salama, kimezungukwa na mstari wake. Uchaguzi, yaani eneo lililoshikwa, ukivuja hadi ndani, ujue mstari una mwanya. Uzibe kwa brashi, urudie. Kabla ya kufuta, panua uchaguzi kwa pikseli 1 au 2 ili ule ukingo mweupe uondoke nao. Halafu weka tabaka jekundu chini ya picha. Utashangaa madoa mangapi yalikuwa yamejificha, na kila doa lingekuwa fundo la uzi kwenye sweta.

Mwisho punguza rangi zilingane na nyuzi zako. Nembo ya nyuzi nne iwe na rangi nne.

Lakini ndugu yangu, kwa nembo utakayoishona kwenye sweta mia, mimi siachii programu kazi hiyo. Naiweka picha ndani ya Inkscape, programu ya kuchora, naifunga isisogee, nachora kila umbo juu yake kwa kalamu. Ink/Stitch, kiongezi cha Inkscape cha kudarizi, hugeuza kuwa mishono maumbo uliyochora tu. Picha ya chini haiisomi kabisa, hata ikiwa na mandharinyuma gani. Nembo ya kawaida inaweza kukuchukua saa moja au mbili, na herufi zake zitasomeka. Jaribu kwanza kwenye kipande cha sweta ile ile, siyo kwenye kitambaa cha pamba.