Profesa na filamu za vita

SWALI: Shikamoo Mhariri. Nasoma historia chuoni. Nasikia Marc Ferro wa Ufaransa alikuwa profesa na papo hapo mtu wa televisheni. Aliwezaje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Aliweza kwa kuipeleka kazi yake ileile kwenye skrini. Kipindi chake, Histoire parallèle, kilianza mwaka 1989 katika kituo cha televisheni cha La Sept, kikaendelea katika kituo cha Arte hadi 2001. Kila wiki alionyesha filamu za habari za miaka 50 nyuma, wiki kama hiyohiyo: za Wajerumani, kisha za wapinzani wao. Halafu anaketi na mgeni, wanazichambua. Utamu uko hapo, maana vita ni vilevile, Vita vya Pili vya Dunia, na kila upande unajisifu! Mtazamaji anaona kilichoonyeshwa huku, anajiuliza mbona kule hakipo.

Kwake filamu ilikuwa ushahidi kama barua au nyaraka za serikali, na wapo wanahistoria waliolipuuza wazo hilo. Alilitetea katika kitabu chake cha mwaka 1977, Cinéma et Histoire, anza nacho. Kitabu chake kingine, juu ya Pétain, aliyeongoza Ufaransa ilipokaliwa na Wajerumani katika vita hivyo, ndicho kilichozaa filamu ya Jean Marboeuf ya mwaka 1993.