Jibu: Kichaka kinachonukia Ujiji, je, ni seji pori?

Ndugu, umeuliza kama kichaka ulichokipiga picha Ujiji ni seji pori, kwa kuwa shina lina pembe nne na majani yananukia. Pembe nne hazitoshi, hata lantana, kichaka kingine kinachonukia, inazo. Tazama tunda: la lantana lina nyama na likiiva ni jeusi. Seji na kivumbasi ni familia moja. Hizo huacha vijimbegu vinne vikavu ndani ya kikombe cha ua. Kuzitenganisha, hesabu stameni, yaani nyuzi za kiume za ua zenye chavua: seji mbili, kivumbasi nne. Yako ina vimiba, na maua ya njano na waridi kichala kimoja. Hiyo ni lantana, asili yake Amerika. Tafadhali wazuie ng'ombe, majani yake huwaharibu ini.