Mikopo ya Benki Kuu: Siri Hadi Lini?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimesoma kwamba katika msukosuko wa fedha wa 2008 benki kuu ya Marekani, Fed, ilizikopesha benki mabilioni ya dola bila kutaja majina yao. Pesa ni za umma, mbona umma haukuambiwa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Darasani huwa naanza na hoja ya wenye siri, maana si ya kudharauliwa. Septemba 2007 BBC ilitangaza kwamba Northern Rock ya Uingereza imeomba msaada wa benki kuu. Kesho yake wateja walipanga foleni kutoa akiba zao. Benki ikijulikana inakopa kwa dharura hudhaniwa imekwisha, na wenye amana wakiikimbia, inakwisha kweli.

Lakini hoja hiyo inafaa kwa wiki za taharuki, si kwa miaka. Mark Pittman, mwandishi wa shirika la habari la Bloomberg, aliomba kujua nani alikopa, kiasi gani, na kwa dhamana ipi. Fed ilikataa, na Novemba 2008 Bloomberg ikaishtaki. Agosti 2009 Jaji Loretta Preska aliamuru nyaraka zitolewe. Fed ikakata rufaa, ikashindwa. Benki kubwa nazo zikakimbilia Mahakama ya Juu, ambayo Machi 2011 ilikataa kuwasikiliza. Ndipo zikatoka kurasa kama 29,000, na miongoni mwa wakopaji wakubwa akaonekana Dexia, benki ya Ubelgiji na Ufaransa. Pittman alifariki Novemba 2009. Inaniuma kwamba hakuziona.

Wapo wasemao pesa za mikopo hiyo si kodi, ni pesa ambazo Fed huziumba yenyewe. Sikubaliani nao hata kidogo. Faida ya Fed hupelekwa Hazina. Mkopo ukipotea Hazina hupungukiwa, na pengo hilo huzibwa na mlipa kodi.

Sheria ya Dodd-Frank ya 2010 inataka majina ya benki zinazokopa kwenye dirisha la kawaida la Fed, yaani utaratibu wake wa kila siku wa kuzikopesha benki, yatangazwe baada ya takriban miaka miwili. Kwangu bado ni mingi: ndani ya muda huo Wamarekani huwa wameshachagua Baraza la Wawakilishi jipya bila kujua nani alikopeshwa. Mwaka 2020 Fed yenyewe ilikuwa ikitaja kila mwezi kampuni ilizonunua hati fungani zao kwa dharura. Hizo hazikuwa benki, ni kweli, lakini majina yalitajwa na soko likaendelea kutulia.