Kaka yako kaachiwa huru, sasa polisi watalipa fidia?

Pole sana dada. Umesema bro alikaa rumande miezi 8 kwa wizi asioujua, korti ikamwachilia, na ulipoenda kituoni ukaambiwa "shukuruni Mungu mwende nyumbani". Hiyo kauli huwa inanichoma kweli.

Kwanza IPOA, ile mamlaka huru ya Kenya inayosimamia mienendo ya polisi. Ripotini huko ndio, ni bure, lakini ujue wao wanachunguza polisi na faili inaenda kwa DPP (mkurugenzi wa mashtaka ya umma), hawalipi fidia, na inaweza kukaa sana. Pesa inatoka kortini. Na hapa ndo watu wengi wanalala: kesi ya madai dhidi ya serikali, kama kufungiwa bila haki ama kushtakiwa kwa nia mbaya, mwisho ni miezi 12, kwa hivyo msingoje IPOA imalize ndo muanze. Ikipita bado kuna petisheni ya haki za katiba High Court, ila jaji atauliza mlikuwa wapi.

Leo leo itisheni nakala ya hukumu na proceedings (rekodi ya kesi), na namba ya OB (daftari la matukio la kituo cha polisi) ya siku aliposhikwa. Angalia tarehe aliposhikwa na aliyofikishwa kortini, katiba kifungu cha 49 inasema saa 24 isipokuwa wikendi na sikukuu, wakizidisha hapo mmewashika. Kuachiliwa peke yake haitoshi, lazima muonyeshe walimshtaki bila sababu ya maana, mfano hakuna shahidi hata mmoja aliyemtaja.

Wakili ni ghali? Jaribu Kituo cha Sheria, shirika linalosaidia watu kisheria. Na kituo cha polisi usirudi peke yako.