Kabla hujafungua Biblia

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza: "Mama, wamenipangia zamu Jumamosi. Akija mtu akaniambia ana mimba asiyoitarajia, nianze na neno gani?" Nimechelewa kukujibu kwa sababu jibu lenyewe lina aibu yangu ndani yake.

Mwaka wangu wa kwanza katika huduma hii ya Kikristo ya kuwasaidia wenye mimba wasizozitarajia, nilimpokea binti wa umri wako. Hajamaliza hata sentensi ya pili, nimeshamsomea Zaburi 139, ile ya Mungu kumuumba mtoto tumboni mwa mama yake, na kumshika mikono tuombe. Akaitikia amina, akashukuru kwa adabu, akaenda zake. Hakurudi. Mwenzangu wa zamu akaniuliza, "Anaishi na nani?" Sikujua. Sikujua kama anapigwa, wala kama aliyempa mimba ana habari. Nilijua mistari yangu tu.

Kasome Mwanzo 16. Hajiri ana mimba, amemkimbia Sarai, yuko jangwani penye chemchemi. Katika sura hiyo Abramu na Sarai wanamzungumzia kama mjakazi tu. Malaika ndiye anayemwita kwa jina, kisha anamuuliza ametoka wapi na anakwenda wapi. Basi anza hapo: jina lake, na maswali hayo mawili, halafu nyamaza. (Najua utanikumbusha kwamba malaika alimrudisha kwa bibi yake. Mimi si malaika, simrudishi mtu kwenye nyumba anakopigwa.) Akija amesindikizwa, tafuta namna ya kuongea naye peke yake japo dakika chache. Wapo wasioweza kusema lolote mbele ya aliyewaleta.

Jambo jingine lisikupite. Umri wa mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, si tangu siku walipokutana. Kwa hiyo anayeambiwa ana wiki 6, mimba yenyewe huwa imetungwa kama wiki 4 tu zilizopita. Nimeona wachumba wakitaka kuachana kwa wiki hizo 2, kijana akiapa kwamba alikuwa safarini! Mweleze taratibu, umchoree hata kwenye karatasi.

Akikutajia maumivu makali ya tumbo, hasa upande mmoja, au damu, au kizunguzungu, hapo hakuna kikao. Huenda mimba imetunga nje ya kizazi, na ikipasua mrija inaua. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Maombi mtaomba njiani.

Halafu kuna ukweli. Sisi si kliniki, tusivae kama kliniki. Akipiga simu akauliza kama tunatoa mimba, mwambie hapohapo kwamba hatutoi na wala hatuelekezi pa kutolea, ili asipoteze siku yake kwetu kwa kudhani vingine. Usimtishe kwa madhara uliyoyasikia mitaani. Imani yetu haihitaji uongo, na mtu akigundua umemdanganya kwa jambo moja, hata nepi tunazogawa hatazipokea. Na hizo nepi zisiwe chambo: asiyetaka kuombewa anapewa sawasawa na anayetaka.

Wahudumu wengi hupenda sana siku ile ya machozi, siku ya uamuzi. Mimi naipima huduma kwa mwezi wa tatu baada ya kujifungua, mtoto analia usiku kucha na waliopiga makofi kanisani hawapokei simu. Luka anasema Mariamu alikaa kwa Elisabeti kama miezi mitatu. Kama huna nafasi ya kukaa na mtu kiasi hicho, mwambie mratibu mapema akupangie kazi ya kupanga nguo za watoto. Nayo ni kazi, tena tunapungukiwa watu huko.

Jumamosi kiti chako usikiweke nyuma ya meza. Zima simu. Ukitoka nipigie, uniambie wewe umeshindaje. Jina lake usinitajie.

Mama yako